Pompa ya Maji na Uzi Mweusi

Nasema mapema ili mtu asishangae: nina hasira, na sijaimaliza. Nyumbani wananiambia niachane nayo, mambo yamepita, mama mkubwa ameshalala pahali pake. Sawa. Lakini kila asubuhi nikifungua kapo ya gari, kile kifuniko cha injini, niangalie maji, naikuta ile pompa mpya inang'aa kati ya vyuma vizee, haivuji hata tone, na damu inanipanda upya. Gari langu halijawahi kuwa zima namna hii. Natamani liharibike.

Gari lenyewe ni la marehemu baba. Ni la Kijapani, liliingia kwa kupitia Zambia, usukani wake uko kuume, na umri wake siutaji maana mafundi wanacheka. Baba alifanya kazi karakana ya reli mpaka macho yakachoka, na jioni mahali pake pa kupumzikia palikuwa chini ya gari hili, mgongo juu ya karatoni. Mimi ndiye niliyekuwa nampa funguo za bolti. "Leta ya kumi na mbili," anasema, nami naleta ya kumi na mbili. Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama ilivyo kwetu, hakupenda mafuta kwenye mikono. Alisoma, akapata ofisi, akapata gari la kazi lenye vioo vyeusi. Baba alipokufa hakuna aliyegombana nami juu ya gari. Mimi ni mshonaji, nashonea nyumbani Naviundu, pembeni ya mji, ninapoishi na mama, na gari ndilo linalonipelekea nguo kwa wateja.

Mama ana nyonga mbovu, tena ana tension, ile ya damu kupanda. Siku tuliyomzika baba alianguka pale pale makaburini, akapelekwa hospitali, na tangu siku hiyo familia nzima inamwangalia kama glasi. Kwenye basi hawezi kukaa, nyonga inamwaka. Kiti cha mbele cha gari langu kinalala nyuma, nilikitengeneza kwa ajili yake, na anasafiri humo tu. Kila mtu wa familia anajua hilo, na yaya anajua kuliko wote.

Jumatatu moja binamu yetu wa Kambove, mji wa migodi kupita Likasi, akapiga simu. Mama mkubwa, dada wa mama, amezidiwa, hali chakula, anamtaja mdogo wake. Mama hakulia. Alikwenda polepole kwenye sanduku lake, akatoa kichana cha mti na kidonge cha uzi mweusi, ule wa kusukia nywele, akavitia kwenye mkoba.

Lazima nieleze habari ya uzi huo. Hao wawili walikulia Kambove, kwenye nyumba za kampi ya mgodi, na kila Jumamosi mkubwa alikuwa anamsuka mdogo mlangoni, kichwa kimebanwa katikati ya magoti, na ukilia unapigwa kichana kwenye sikio. Walipokuwa watu wazima, wenye waume na watoto, waliahidiana: atakayebaki ndiye atakayemsuka mwenzake kwa safari ya mwisho, mkono wa mtu mwingine usiguse kichwa hicho. Si desturi ya kabila wala ya kanisa. Ni yao wawili, na sisi watoto tulikua tukiisikia mpaka tukaichoka.

"Akiwa muzima, nitamusuka muzima," mama akaniambia siku ile, akifunga mkoba. "Akiwa ameshakufa, nitamusuka vile vile. Mimi nataka kitu kimoja tu, nifike kabla hawajamuzika."

Yaya alinisikia, maana nilimpigia simu kesho yake asubuhi na nikamrudilia maneno hayo neno kwa neno. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya ofisi, "Pima motoka kwanza. Na mama ndani, na ile njia ya Likasi yenye makamyo? Peleka kwa fundi leo, kesho muende." Nikamwona ana akili. Nikamshukuru, mimi!

Fundi huyo si mtu wa barabarani. Kazi alijifunza kwa baba, amekula bukari, ugali wetu, kwenye meza yetu tangu ndevu hazijaota, na mama yake mzazi alipokufa, mama yangu ndiye aliyesimama kwenye masufuria ya kilio toka asubuhi hadi watu wakatawanyika. Anamwita mama, na mimi ananiita dada. Nilimwachia gari uani kwake, nikamwambia angalie mafuta, mikanda na breki, tunakwenda Kambove kwa mgonjwa. Nikavuka barabara kununua mkate. Niliporudi, chini ya moteri palikuwa na dimbwi.

"Dada, Mungu iko," akasema. "Pompa ya mayi imekufa. Ona vile inatona."

Niliinama nikaona. Maji kweli, yanatiririka kwenye vyuma, yanadondoka mchangani. Nikasema jana haikuvuja. Akasema inaanza hivyo hivyo, bila kupiga hodi. "Ukienda nayo, itachemuka mbele ya kufika Likasi, moteri itapasuka, na mama atalala mu njia." Aliposema mama atalala njiani, nikakubali. Angesema nini kingine kuniziba mdomo?

Kwenye gari hili pompa imefichwa. Kuifikia lazima utoe mikanda, utoe puli, utoe vifuniko vya mbele, umwage maji yote ya radieta. Kabla jua halijafika kichwani, uso wa gari langu ulikuwa kwenye beseni, bolti juu ya bolti, na mdomo wa moteri uko wazi. Pompa mpya, akaniambia, iko upande wa Zambia; kuna mtu wake anavuka mpaka Kasumbalesa, kesho asubuhi itakuwa hapa.

Basi nikarudi kwa miguu. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mkoba magotini.

"Motoka imepona?"

"Kesho, mama."

Kesho ikafika, mtu wa Kasumbalesa hakufika. Forodha imejaa, fundi akasema, makamyo, yale malori makubwa, yamefunga njia. Mangaribi, jua likizama, mama yuko mlangoni, ameshavaa kitenge cha safari. Motoka imepona? Kesho, mama. Siku iliyofuata ni hivyo hivyo. Alikuwa anauliza habari ya gari kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya mgonjwa hospitalini, nami nilijua vizuri sana ni mgonjwa gani anayemuulizia. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa namtuliza. Nilimwambia dada yake anamngoja. Nilimwambia binamu amesema anamngoja.

Usifikiri nilikaa tu. Nilimpigia yaya nikamwambia nampeleka mama kwa basi, tutamwekea mito. Akawaka. "Na ile nyonga? Unataka kumuua?" Nikamwambia basi lete gari lako. Akasema ni la kazi, haliruhusiwi kutoka mjini, anaweza kupoteza kazi. Nilimpigia binamu Kambove, nikasikia nyuma yake watu wanaimba, wengi, sauti za kanisani. Nikauliza nini hiyo. "Korale, banafanya repetisyo hapa karibu," akasema, eti kwaya iko mazoezini. Nikaomba nizungumze na mama mkubwa. Akasema, "Amelala." Eh! Hapo kweli hakudanganya.

Ijumaa pompa ikafika, ndani ya karatoni yake, imepakwa mafuta. Nilikuwepo. Nitasema ukweli hata kama unanikera: fundi yule anajua kazi. Alikwangua pahali pa pompa kwa wembe mpaka chuma kikawa safi, akaweka gasketi mpya, akakaza bolti kwa zamu, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, vile baba alivyokuwa anafanya. Mimi nilimpa funguo. "Ya kumi na mbili," akasema, nikampa ya kumi na mbili, kama zamani za baba. Mama alikuwa amenituma na bakuli ya sombe, majani ya muhogo, na samaki mkavu, ya kumshukuru mwana wake. Aliila yote akiwa amekaa kwenye gurudumu, bila kuniangalia usoni. Nilidhani ni uchovu.

Tulipowasha, mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukatulia. Nikamwombea baraka, kwa sauti kubwa, mbele ya majirani. Naye akanipa pompa ya zamani, imefungwa kwenye gazeti.

Kwetu hapa ni lazima. Fundi akibadilisha kipande, anakurudishia kile kizee mkononi, hata kikiwa kimevunjika mara tano, la sivyo utasema hakubadilisha kitu. Anafanya bila kufikiri, mkono wake umezoea. Mimi nami nilizoea. Niliitupa ndani ya gari, kule nyuma, bila kufungua gazeti.

Jumamosi tuliondoka jua likichomoza. Nilimlalishia mama kiti, akajinyoosha, mkoba kifuani, na tangu tulipoiacha Naviundu alikuwa anaongea. Atamgombeza dada yake kwa kukataa chakula. Atamsuka mistari ya nyuma kwanza, maana nyuma ndipo anasikia raha. Kama nywele zimekuwa chache atazichanganya na uzi mwingi, hakuna atakayejua. Malori ya shaba yalikuwa yanatupita na vumbi lao, na kila tulipopanda kilima alikuwa anainua shingo kuangalia mshale. Ulikaa katikati. "Kweli imepona," akasema, akanipapasa mkono kwenye usukani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mama kunigusa kwa hiari yake.

Kambove, kwenye nyumba ya mama mkubwa, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Wanaume wawili walikuwa wanakunja turubai. Wanawake walikuwa wanasugua masufuria makubwa kwa mchanga, na waliponiona nasimamisha gari, mikono yao ikasimama. Pembeni ya ukuta palikuwa na gari lenye vioo vyeusi.

"Ile si motoka ya yaya yako?" mama akauliza.

Nilizima moteri. Mama akafungua mlango mwenyewe, akashuka mwenyewe na nyonga yake ile, akasimama. Yaya alitoka ndani, kichwa amenyoa.

"Mama, pole. Alikufa Jumatatu mangaribi. Tulimuzika juzi. Tulikuwa tunakuchunga, mama. Juu ya tension."

Watu wakakimbia na kiti, na maji, na upepeo. Walikuwa wamejiandaa aanguke. Hakuanguka. Aliangalia mwanawe, akamwangalia binamu, akawaangalia wale wanawake mmoja mmoja.

"Nani alimusuka?"

Wanawake wakarudi kwenye masufuria yao.

"Ninauliza, nani alimusuka?"

Binamu akasema kwa sauti ya chini kwamba haraka ilikuwa nyingi, kwamba walimfunga kitambaa kizuri, kipya, cheupe. Mama akarudia: kitambaa. Basi akakaa kwenye kile kiti, akafungua mkoba, akaangalia ndani, akaufunga.

Mimi nilikwenda nyuma ya gari kutoa mizigo, kwa sababu lazima mikono ifanye kitu. Gazeti lilikuwa limefunguka kwa mitikisiko ya njia na pompa imeviringika kwenye kona. Niliichukua. Vidole vyenyewe vikaanza kuizungusha, vile baba alivyonifundisha: shika mhimili, zungusha, sikiliza, halafu tikisa, uone kama inacheza. Ilizunguka laini, bila sauti. Nikatikisa, haikucheza. Nikatafuta kale katundu kadogo chini yake. Baba alikuwa anasema pompa ikitaka kufa inalia kwanza kwenye katundu hako, na machozi yake yanaacha alama ya kutu. Palikuwa pakavu. Hapakuwa na alama, hata kidogo. Nilikuwa nimeshika mkononi pompa nzima, nzima kabisa, ambayo ingetufikisha Kambove siku ile ile ya Jumanne, dada yake mama akiwa bado juu ya ardhi.

Nilimfuata yaya nyuma ya nyumba, pompa mkononi. Aliiona akajua.

"Ilikuwa muzima," nikasema.

"Nilimuomba fundi asimamishe motoka mpaka tuzike. Uliona vile mama alianguka siku ya kumuzika baba. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia mimi!"

Akanijibu polepole, bila aibu, kama mtu anayeeleza hesabu. "Wewe uso yako haijue kuficha kitu. Ningekuambia, mama angesoma pale pale. Ilikuwa lazima wewe uamini, ndipo mama naye aamini."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi kuliko sala. Ilikuwa lazima niamini! Alijua mama ataniuliza mimi, si yeye. Alijua mimi sijui kusema uongo, basi akachukua ukweli wangu wote akautumia kumdanganya mama yangu, na kila mangaribi nilisimama mlangoni nikamfanyia kazi yake. Nilinyanyua ile pompa. Binamu ndiye aliyenishika mkono, la sivyo leo yaya angekuwa na kovu la kueleza ofisini.

Kurudi, mama alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma, wima, njia nzima, nyonga ikimwaka. Nilimwona kwenye kioo anauma midomo. Nilisimama mara mbili nikamwomba ahamie mbele alale. Aliangalia dirishani. Nilianza kumweleza, nikasema sikujua, mama, na mimi walinificha.

Kwa fundi nilikwenda Jumatatu. Sikumsalimu. Nikamwekea pompa juu ya meza yake ya vyuma nikamuuliza maji yale yalitoka wapi. Hakujaribu hata kukataa.

"Nilimwaga mayi na kopo, dada, wakati ulienda kwa mukate. Yaya yako aliniomba, juu ya mama. Mama ni wangu pia."

"Na sombe yake ulikula."

Akainamisha kichwa. Halafu, sikia mtu huyu, akanyanyua kichwa akasema, "Lakini ile mupya iko ya kweli, dada. Pale sikukudanganya." Nilicheka. Nilicheka vibaya mpaka watu wa uani wakageuka, na nilipomaliza kucheka nikagundua nalia. Sijarudi kwake tena.

Nyumbani niliiweka ile pompa mbele ya mama, wakati anachagua mchele. Nikamwonyesha. Angalia, mama, inazunguka, haichezi, pale pakavu, walinidanganya mimi kwanza. Nilikuwa naongea upesi upesi. Mama aliiangalia kama unavyoangalia mtu asiyejulikana aliyeingia bila hodi.

"Toa chuma kwenye meza," akasema. "Tutakula."

Yaya amemwomba msamaha kwa magoti, na padri akiwepo, na amesamehewa. Anakuja Jumapili na soda, anacheka. Mtoto wa kiume, mkubwa, alibeba mzigo wa familia, ndivyo wanavyosema. Mimi sijaombwa msamaha na mtu, na sijui kama nimesamehewa, kwa sababu hakuna anayesema nilikosa. Mama ananipikia, ananiamsha, ananiuliza kama nimemaliza nguo za wateja. Ila kwenye gari haingii. Misa anakwenda kwa miguu, na nyonga ile, anasimama kila baada ya nyumba chache, ameshika ukuta wa watu. Mkoba wa safari alishausafisha. Kichana alirudisha kwenye sanduku, kidonge cha uzi nilikikuta kwenye kiti cha nyuma, pale alipokaa. Bado kiko pale. Sithubutu kukitoa, wala kumuuliza.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimefungua kapo, naongeza maji ambayo hata hayakupungua, mama akatoka amevaa kitenge cha kanisa. Alisimama karibu nami. Nikadhani leo atapanda.

"Imepona?" akauliza.

"Mama," nikasema, "haikuwa mugonjwa. Hata siku moja."

"Najua," akasema. "Ni wewe ulikuwa unaniambia iko mugonjwa."

Akaweka mkoba begani, akashika ukuta wa jirani, akaanza kwenda.